Jina Nililotoa Kapuni

Minago, Rumonge

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua anayekusomea ni Neema, na huyo mtoto wa kaka namjua vizuri. Akikuta barua ndefu huruka katikati, akimbilie salamu. Neema, leo usiruke. Msomee bibi yako polepole, na ukifika mahali akaanza kulia, mpe kanga yake, ngoja atulie, ndipo uendelee.

Habari za magoti, mama? Je, ile dawa ya kuchua uliyoletewa kutoka Mpanda inasaidia, au unaiacha dirishani kama ile ya kwanza? Mvua za Mishamo zimewatendea vipi? Sisi huku ni wazima. Baba Furaha bado anabeba mawese kwa baiskeli hadi mjini Rumonge, na mgongo wake unalalamika kuliko yeye mwenyewe. Furaha amekuwa Mrundi kamili, ananirekebisha Kirundi changu mbele ya wageni bila haya. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unasema "eeh, eeh" hata usiposikia, na hili nataka usikie lote.

Katika barua yako uliniuliza jambo moja tu: ufunge mizigo, au ukae ukijua kwamba utazikwa Mishamo, huko huko ukimbizini? Sikukujibu kwa miezi mingi. Nilikuwa sina jibu, na nilikuwa na aibu. Sasa nitakueleza kuanzia kwenye aibu yenyewe, maana sikuwahi kukuambia.

Unakumbuka jinsi tulivyoomba kanisani kwetu Mishamo: kwanza rais, kisha mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa kijiji, mmoja baada ya mwingine, mtu hakai chini mpaka awamalize wote. Basi Jumapili yangu ya kwanza hapa Minago mchungaji akasema dada aliyerudi kutoka Tanzania atuongoze kuombea nchi. Nikasimama kwa kujiamini kabisa. Nikafumba macho, na mdomo ukaenda njia uliyoizoea. Nikamwombea rais wetu kwa jina lake, yule wa kule. Nikamwombea mkuu wa mkoa wa Katavi. Nilipofika kwa mwenyekiti wa kijiji chetu nikasikia kanisa limenyamaza, hakuna hata "Amina" moja. Dada aliyekuwa pembeni yangu alinivuta sketi. Mama, nilikuwa nimerudi nyumbani kwa baba yangu, na mbele ya watu wote nikawaombea wakubwa wa ng'ambo.

Wengine walicheka tu yakaisha. Lakini mzee Karoli alikuwa amekaa benchi la tatu. Ndiye niliyekuandikia habari zake, anayelima shamba la baba. Siku ya kesi yetu kwa mkuu wa kilima, kama mwenyekiti wa kijiji wa huko, ambaye hapa tunamwita shefu, nilieleza yote uliyonifundisha: michikichi ya baba, mahali ilipoanzia, na yale mawe bapa ambayo wewe na bibi mliyapanga kwenye mfereji ili mfulie nguo. Karoli akasimama, akasema maneno machache tu:

"Shefu, huyu ni Mutanzania. Sote tulisikia mu kanisa. Rais wake iko kule."

Huyo shefu wetu ni fundi cherehani. Watu wanampelekea kesi barazani kwake, naye anawasikiliza huku anashona. Siku ile alikuwa anashona sare za shule. Hakuuliza swali, hakuinuka kwenda shambani. Alisema shamba libaki kwa anayelilima, na aliposema hivyo mguu wake ulikuwa bado unakanyaga pedali. Mshono wa sare haukusimama hata kidogo. Hapo ndipo nilipoacha kujibu barua zako.

Nilimchukia, mama. Nasema wazi, kwani nikikuficha wewe dhambi zangu nitamwambia nani? Nilikuwa nikipita mbele ya baraza lake nageuza uso upande wa ziwa.

Sasa, kanisa letu hapa lina desturi ambayo sikuiona kwingine. Mwanzoni mwa mwaka wanaweka kapuni vikaratasi vyenye majina ya viongozi, kuanzia rais mpaka wakuu wa nyumba kumi. Kila nyumba inatoa kimoja na kumbeba huyo mtu kwa maombi miezi mitatu. Kiongozi wa mbali unamwombea nyumbani. Wa karibu unamwendea kila Alhamisi, unamuuliza swali moja tu: tukuombee nini? Halafu kuna masharti. Hupeleki kitu mkononi, hata ndizi moja. Na humwombi kitu chochote kwa ajili yako, hata kama una shida inayomhusu yeye, mpaka miezi mitatu iishe. Mama mchungaji anasema mtu akichanganya maombi na shida yake, anakuwa amepeleka rushwa kwa jina la Yesu.

Nilitia mkono nikatoa jina la shefu.

Nilimwendea mama mchungaji kabla hata kapu halijamaliza kuzunguka. Jirani yangu alikuwa ametoa jina la rais, na nilishapatana naye tubadilishane. Nilijua kumwombea rais ni kazi nyepesi, yuko mbali na hajanikosea kitu. Mama mchungaji hata hakukipokea kile kikaratasi.

"Hapana, Mama Furaha. Jina haigeuzwe. Rais ungemuombea na kinywa. Huyu utamuombea na tumbo."

"Lakini huyu alinikatia kesi vibaya."

"Njo maana," akasema, yaani ndiyo sababu yenyewe.

Kaka Yona aliposikia alinitumia ujumbe mkali. Aliuliza kanisa gani hilo linalowapigia magoti watu wanaotunyang'anya, akaniambia niliache. Nilitaka sana kumsikiliza. Alhamisi ile nikaenda, kwa ubishi zaidi kuliko kwa imani.

"Amahoro, Shefu."

"Amahoro." Aliangalia mikono yangu. "Umeleta nini?"

"Sikuleta kitu. Kanisa limenituma nikuulize, tukuombee nini?"

Baraza lilikuwa limejaa watu. Alitazama suruali aliyokuwa anaishona, akasema, "Muniombee pantaloni ya huyu muzee iishe leo," na wote wakacheka. Nilirudi nyumbani nikifoka njia nzima. Nikapiga magoti, na nikamwomba Mungu amng'oe mtu yule kilimani kama gugu kwenye mihogo. Kisha nikakumbuka nilivyoahidi, nikaiombea na ile suruali.

Alhamisi ya pili alikuwa peke yake. Sikumaliza hata kuuliza. Alisema kwa sauti ndogo, bila kuniangalia, "Muniombee nipate usingizi." Mama, nilifurahi. Nilitembea nikisema moyoni, asilale, na asilale kabisa! Lakini nilipofika kwenye magoti sikuweza kulisema hilo mbele za Mungu. Unaweza kumsema mtu vibaya kwa jirani, kwa mume, hata kwa mbuzi. Kumsema kwa Aliyemuumba ni kazi nyingine. Nilikaa pale muda mrefu, mwishowe nikasema, Bwana, mpe usingizi. Yalitoka makavu, lakini yalitoka.

Alhamisi zikafuatana. Siku moja ananiambia nimwombee mkewe, siku nyingine watu wawili wanaotaka kupigana kwa sababu ya mpaka. Nilianza kujua kwamba baraza lile halikai bila ugomvi tangu asubuhi, na kwamba hakuna hata mmoja anayeondoka pale akisema asante. Bado nilikuwa na kinyongo. Ila sasa kilikuwa na mtu ndani yake, si jina tu.

Kisha ziwa likapanda. Utakuwa umesikia, miaka hii Tanganyika imeacha kukaa mahali pake. Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Nilikuta cherehani imefunikwa kwa plastiki, na mke wa shefu akaniambia mumewe yuko chini pwani. Nikashuka. Maji yalikuwa yameingia nyumba za chini zote, yametulia na kung'aa kama hayakufanya kosa lolote. Shefu alikuwa ndani mpaka kiunoni, amembeba bibi kizee mgongoni. Nami, kwa ujinga wangu, nikasimama ukingoni nikapaza sauti:

"Shefu, tukuombee nini?"

"Mama Furaha, leo usiniulize. Kamata hii matela!"

Nilishika lile godoro. Baada ya hapo sufuria, milango, mbuzi, gunia la mihogo, tena godoro. Watu wa kanisa walikuja, na Waislamu wa msikiti wa chini walikuja na mitumbwi yao. Nilikuwa naomba huku nabeba, na sijui kama hayo yanaitwa maombi, maana nusu yake yalikuwa kelele za "shika huku, shika huku". Kila nilipoinua macho nilimwona yule mtu anarudi ndani ya maji. Mchana tulipokaa juu ya mawe, niliona mikono yake inatetemeka. Nilidhani ni baridi. Akaniambia:

"Mimi naogopa maji tangu nikiwa mutoto. Muniombee watu wasijue."

Nami sasa nimekuambia wewe, lakini Mishamo ni mbali, na Neema naye afunge mdomo.

Niliyatazama maji, nikamtazama yeye. Mara ngapi alikuwa ameingia? Sikuhesabu. Kwa wiki zote zile nilikuwa namwomba Mungu ambadilishe mtu huyu, na kumbe Mungu alikuwa anaona ndani yake kitu ambacho mimi, niliyejiona mwenye haki, sikukiona kabisa. Nilisikia hofu, ile hofu njema inayomshika mtu akigundua kwamba hakuwa peke yake chumbani. Nilivua kitambaa changu cha kichwa nikampa ajifute uso.

Alhamisi iliyofuata alisimamisha cherehani nilipofika. Akanionyesha kibao nikae.

"Nikuulize kitu. Uko na kesi huku. Umekuja hizi wiki zote. Mbona hauniulizake ile shamba?"

"Tumekatazwa."

"Na kwa Mungu? Unamwambiaka nini juu ya ile shamba?"

Nilifikiri nimdanganye, nikashindwa. "Namwambia akupe kuona vizuri," nikasema. "Lakini wiki ya kwanza nilimwambia akung'oe."

Alicheka kidogo, si kicheko cha barazani, akafuta macho kwa kipande cha kitambaa cha suruali ya mtu.

"Pengine alikusikia," akasema. "Tangu hapo silale."

Jumamosi alikuja shambani kwa miguu, na wazee watatu waamuzi wa kilima, bashingantahe, wakiwa na fimbo zao. Karoli aliitwa, wanawe wakaja, majirani wakaja. Mimi sikuwa nimeomba kesi ifunguliwe, naapa. Shefu alisimama katikati ya michikichi, akavua kofia, akasema mbele ya wote:

"Ile siku nilikata hii mambo nikiwa mu kiti. Sikufika hapa. Sikumusikiliza huyu mama. Nilikosa."

Mama, wewe umeishi chini ya wakubwa wengi, wa nchi hii na wa ile. Je, umewahi kumsikia hata mmoja akisema nimekosa, kwa mdomo wake, akiwa bado na cheo chake? Mimi sijawahi. Hata wanawe Karoli waliotaka kufoka waliangalia chini. Nilishika mchikichi uliokuwa karibu nami.

Halafu akaniambia nimwombee kabla hajaanza. Pale pale, mbele ya Karoli, nikiwa sijui ataamua nini. Safari hii nilifungua macho. Nilimwombea rais wa Burundi, gavana, msimamizi wa komini, ambayo ni kama wilaya ya huko, kisha shefu wetu. Nikasema, Bwana, mpe haki hata kama itaniuma mimi. Nilipofika hapo nilijua nimekusemea na wewe bila ruhusa yako. Karoli ndiye aliyesema "Amina" kwanza.

Tukauzunguka mpaka wote wa shamba. Kwenye mfereji kulikuwa na matope na majani tu. Niliwaambia, mama alisema mawe yako hapa, chini ya ukingo. Shefu hakumtuma mtu. Alipiga magoti na suruali yake nzuri, akachimba kwa mikono, akatoa tope, akatoa tena. Nikasikia kucha zake zinakwaruza kitu kigumu. Jiwe la kwanza lilitokea, bapa, limelala sawasawa. Pembeni yake la pili. Na la tatu lile lililokatika pembe, lililokukata kidole! Nilipiga kelele kama mwendawazimu. Nilikaa chini kwenye matope, nikaweka kiganja changu juu ya jiwe ambalo wewe uliliweka ukiwa bibi harusi, na lilikuwa la baridi, na lilikuwa la kweli.

Karoli aliinama kuyatazama. Angeweza kusema ni ya kwake, nani angebisha? Akasema, "Hii mawe niliikuta. Siyo mimi niliyapanga. Mimi wakubwa waliniletaka hapa, wakaniambia haina mwenyewe." Na nikajua kwamba naye alidanganywa, na kwamba amezaa na kuzika hapa.

Sasa sikiliza uamuzi, nawe Neema usome vizuri. Shamba limegawanywa. Sehemu ya juu, yenye mfereji na mawe, ni yetu. Sehemu ya chini, yenye michikichi mingi ya baba, inabaki kwa Karoli na wanawe. Sitakuficha, iliniuma, hata leo asubuhi nikiiona inaniuma. Lakini nilikuwa nimeshaiombea haki hiyo kwa mdomo wangu, na ilipokuja nikaitambua. Nikasema Amina, na nilimaanisha.

Mwambie kaka Yona asije akadhani nimepata dawa ya kurudisha mashamba. Kuna dada wa Nyanza-Lac anayeomba kuliko mimi na hajapata hata mahali pa kusimika jiko. Na wala kumwombea kiongozi si kumsifu, wala si kufumba macho akikosea. Shefu wetu alikosea, nami sikusema hata siku moja kwamba alipatia. Mimi ninachoweza kusema ni kwamba huwezi kumshika mtu mbele za Mungu kila siku na huku ukamtaka aangamie. Kimoja kitakushinda. Na yeye naye, akijua kuna mtu anamtaja huko juu kwa jina lake bila kutaka kitu, hawezi kukaa vizuri kwenye kiti chake. Tumeagizwa tuwaombee wenye mamlaka, na maisha yangu yote nilidhani agizo hilo ni la kuwasaidia wao.

Nisalimie kaka Yona, mkubwa wetu, mwambie hasira zake nazipenda, azilete huku tuzitumie kujengea. Nisalimie wifi yangu mwenye mikono ya kusuka mikeka, na shangazi Tabita anayekusaidia kuteka maji, na mjomba Zakayo, mzee wa kwaya, aliyenifundisha kusimama mbele za watu. Mwombe asicheke akisikia nilivyosimama hapa.

Mama, funga mizigo. Njoo kwa njia ya Kigoma mpaka Nyanza-Lac, Baba Furaha atakupokea huko. Lakini kuna jambo moja la mwisho. Siku ile ile waliandika karatasi ya shamba. Mzee mmoja akasema jina liwe la Yona, kwa kuwa ndiye mwanaume. Shefu aliinua kalamu, akaniuliza:

"Ile mawe nani aliipanga?"

"Mama yangu."

"Iko muzima?"

"Yuko hai."

"Basi tunaandika yeye."

Wazee wakatazamana. Hapa kwetu sijawahi kuona karatasi ya shamba yenye jina la mwanamke. Akaandika jina lako lote, na la baba yako, herufi moja moja kama anayetarizi. Nilitaka kusaini kwa niaba yako, akaifunika karatasi kwa kiganja. Alisema, "Hapana. Asaini mwenyewe. Tutangojea."

Shefu na wazee watatu wameshasaini, na hata Karoli, ambaye aliweka dole gumba. Chini ya jina lako, mama, bado ni peupe.

Mwanao anayekungoja,
Anjelina, Mama Furaha